Sura ya mtu ao kazi ya mtu? Redio, televisheni na wagombea wa Kongo tangu 1960

 

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo kila wakati wa uchaguzi huingia nyumbani mwetu bila kupiga hodi. Redio, televisheni, gazeti, na sasa simu, zinatuonyesha wagombea. Zinatufundisha kumpenda mtu ao kumchukia mtu kabla hatujamwuliza atafanya nini.

Kazi yangu ni kufundisha uraia. Ninapofika katika kijiji ao kartie, mara nyingi ninauliza: «Ulimpigia nani kura, na kwa sababu gani?» Watu wanajibu haraka. Wanajua jina la mgombea, wanajua wimbo wake, wanajua kofia yake na gari lake. Kisha ninauliza: «Nitajie jambo moja tu aliloahidi kufanya bungeni.» Hapo watu wanatazamana. Wengine wanacheka, lakini kicheko hicho si cha furaha.

Hali hii haikuanza jana. Ina historia, na historia hiyo tukiijua, tutajua pia mahali tunapoweza kuirekebisha.

1. Mwaka 1960: wakuu wawili na mikrofoni moja

Uchaguzi wa kwanza wa nchi nzima ulifanyika Mei 1960, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala. Wanaume tu ndio waliopiga kura. Mama zetu hawakuwa na haki hiyo. Vyama vilikuwa vingi: ABAKO ya Kasa-Vubu, MNC ya Lumumba, CONAKAT na BALUBAKAT kule Katanga, CEREA kwetu Kivu, PSA na vingine. Kampeni ilifanywa hasa kwa mikutano, kwa magazeti ya vyama na kwa safari ndefu za magari. Aliyekuwa na sauti ya kushika watu uwanjani ndiye aliyesonga mbele, na Lumumba alikuwa na sauti hiyo. Chama chake kilipata viti vingi kuliko vingine katika Baraza la Wawakilishi lenye viti 137, lakini hakikufika nusu. Kwa hiyo walilazimika kugawana madaraka: Kasa-Vubu akawa Raisi, Lumumba akawa Waziri Mkuu.

Tarehe 5 Septemba 1960, jioni, Kasa-Vubu aliingia katika redio ya Léopoldville na kutangaza kwamba amemfukuza Lumumba. Lumumba naye akakimbilia redio ile ile. Usiku huo alisema mara tatu, akitangaza kwamba Kasa-Vubu si Raisi tena. Wananchi waliokuwa wakisikiliza walisikia wakuu wawili wakifukuzana hewani, na hakuna aliyewaeleza sheria inasema nini. Kesho yake Umoja wa Mataifa ulifunga redio hiyo. Lakini Kasa-Vubu alikuwa na marafiki ng'ambo ya mto, na Redio Brazzaville ikampa nafasi ya kusema. Lumumba akabaki bila sauti. Tarehe 14 Septemba, Kanali Mobutu naye alitumia redio kutangaza kwamba amewaweka wanasiasa wote pembeni.

Tuone jambo moja la kushangaza. Tarehe 26 Septemba mwaka ule ule, majuma matatu baada ya usiku ule wa Léopoldville, kule Chicago nchini Marekani, wagombea wawili wa uraisi, Kennedy na Nixon, walisimama mbele ya kamera na kujibu maswali. Watu karibu milioni 70 waliwatazama. Wengi walikumbuka zaidi sura kuliko maneno: Kennedy alionekana mwenye afya, Nixon alionekana mchovu, kwa maana alikuwa ametoka hospitali siku si nyingi. Kwa hiyo tusifikiri kwamba ugonjwa wa kuchagua sura ni wetu peke yetu. Hata hivyo kuna tofauti. Kule wagombea walikaa katika chumba kimoja, chini ya kanuni moja, kila mmoja akamsikia mwenzake. Kwetu walipokonyana mikrofoni, na aliyeishika ndiye aliyekuwa na haki.

2. Mobutu: sura moja nchi nzima

Baada ya kuchukua utawala tarehe 24 Novemba 1965, Mobutu alielewa somo hilo kuliko wote. Televisheni ya taifa ilianza mwaka 1966, na chama chake, MPR, kilizaliwa mwaka 1967. Wazee watakumbuka mwanzo wa habari za jioni: uso wa Raisi ukishuka kutoka mawinguni. Mwaka 1975, kwa muda fulani, vyombo vya habari vilikatazwa kutaja jina la kiongozi mwingine yeyote. Wengine walitajwa kwa cheo tu, kama vile hawakuzaliwa na jina.

Uchaguzi ulikuwepo, lakini ulikuwa uchaguzi wa mtu mmoja. Mwaka 1970 mpiga kura alipewa karatasi ya kijani kusema ndiyo na nyekundu kusema hapana, mbele ya macho ya watu. Hesabu iliyotangazwa ilikuwa kura za hapana 157 tu katika nchi nzima. Miaka ya 1977 na 1984 mgombea alikuwa yule yule peke yake.

Kwa nini ninakumbusha haya? Kwa sababu kizazi kizima kilifundishwa na redio na televisheni kwamba siasa ni mtu. Nchi ni mtu, chama ni mtu, barabara inatengenezwa na mtu, mshahara unatoka mfukoni mwa mtu. Mafundisho ya miaka zaidi ya ishirini hayafutiki siku moja.

Tarehe 24 Aprili 1990, kule N'Sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Magazeti yakachipuka kama uyoga. Mjini Kinshasa watu wasiokuwa na feza ya kununua gazeti walisimama mbele ya meza za wauzaji, wakasoma vichwa vya habari na kubishana. Waliitwa wabunge wa kusimama. Kisha ukaja Mkutano Mkuu wa Taifa, na vikao vyake vikasikika redioni. Kwa mara ya kwanza Wakongo walisikia wenzao wakipingana juu ya katiba, juu ya mali ya nchi, juu ya mauaji yaliyofichwa. Vikao vilipofungwa, Wakristo waliandamana tarehe 16 Februari 1992 wakiomba vifunguliwe, na askari wakawapiga risasi. Watu walikufa ili mazungumzo yaendelee. Tusisahau hilo tunapofungua redio zetu na kutafuta matusi tu.

Kwa jirani zetu wa Rwanda, njia ilikuwa ingine. Redio RTLM ilianza mwaka 1993 kwa muziki na mizaha, na mwaka 1994 ikawa redio ya kuua. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu waanzilishi wake wawili. Sisi wa Kivu tulipokea wakimbizi, tukapokea na vita. Hatuna ruhusa ya kusema kwamba hatujui neno la redio linaweza kufanya nini.

3. Mwaka 2006: mtoto wa nchi na mtu wa amani

Baada ya vita mbili, tulipiga kura ya katiba Desemba 2005, na tarehe 30 Julai 2006 tukafanya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu 1965. Wagombea wa uraisi walikuwa 33, na wanne kati yao walikuwa wanawake. Wapiga kura waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 25. Wagombea wa ubunge walikuwa maelfu, na kule Kinshasa karatasi ya kura ilikuwa kubwa kama gazeti, imejaa picha.

Sasa mtu wa kawaida atawajuaje watu wengi hivyo? Hapo ndipo vyombo vya habari vilikuwa na kazi kubwa. Redio Okapi, iliyoanzishwa Februari 2002, ilisema kwa Kifaransa, Lingala, Kiswahili, Tshiluba na Kikongo. Redio za jamii za kwetu zilieleza namna ya kukunja karatasi na kutumbukiza kura. Kazi hiyo ilikuwa nzuri, na inafaa kushukuriwa. Ilikuwa pia kazi ya hatari: kule Bukavu, waandishi wawili wa Redio Okapi, Serge Maheshe mwaka 2007 na Didace Namujimbo mwaka 2008, waliuawa kwa risasi.

Lakini upande mwingine, wanasiasa wakubwa walikuwa na vituo vyao. Jean-Pierre Bemba alikuwa na televisheni CCTV. Televisheni ya Serikali, RTNC, ilimpa Raisi Kabila nafasi kubwa kuliko wengine, na waangalizi wa Umoja wa Ulaya walilisema hilo. Kulikuwa na baraza la kusimamia vyombo vya habari, lile lililoitwa HAM, lenye kazi ya kulinda usawa na kuadhibu matusi. Tarehe 27 Julai, siku tatu kabla ya kura, siku ya mkutano mkubwa wa Bemba mjini Kinshasa, ofisi za HAM zilivunjwa na kuporwa. Mwamuzi alipigwa kabla mchezo haujaisha.

Na mambo gani yalisemwa hewani? Upande mmoja uliimba: huyu ndiye mtoto wa nchi, yule mwingine ni mgeni. Upande mwingine ulijibu: huyu ndiye mtu wa amani, yule mwingine ni mtu wa vita. Wakati mwalimu hajalipwa na mama mjamzito anabebwa kwa tipoy, redio zilikuwa zinapima damu ya wagombea.

Matokeo yalifuata mstari huo. Kabila alipata asilimia 44,81, Bemba asilimia 20,03, Gizenga asilimia 13,06. Kwetu Kivu ya Kusini Kabila alipata zaidi ya kura tisa kati ya kumi. Kinshasa na Équateur zilikwenda kwa Bemba. Ilikuwa kama nchi ya Kiswahili na nchi ya Lingala. Matokeo yalipotangazwa usiku wa tarehe 20 Agosti, risasi zilikuwa zimekwisha kuanza kulia Kinshasa kati ya walinzi wa pande mbili. Kesho yake mabalozi waliokwenda kumwona Bemba walinaswa katika nyumba yake ikishambuliwa. Siku tatu, watu zaidi ya ishirini wakafa.

Ndugu zangu, hapa nitawaambia jambo langu mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na sita, ninasoma sekondari Bukavu. Katika avenue yetu kulikuwa na mama mmoja, mjane wa askari, mzaliwa wa Équateur. Alikaanga mandazi asubuhi. Mimi na wadogo zangu tulikuwa tunayala kila siku tukienda masomo, na siku tuliyokosa feza alitupa kwa deni. Kiswahili chake kilikuwa na Lingala ndani, na sisi watoto tulimwigiza kwa mchezo, naye akacheka pamoja nasi.

Juma lile la Agosti, redio moja ya mjini ilifungua simu kwa wasikilizaji. Mtu mmoja, ambaye hakutaja jina, alisema kwamba «watu wa yule» walio kwetu wanaficha silaha na wanangojea siku. Mtangazaji hakumwuliza umeona wapi. Alisema tu: «Asante kwa habari.» Mimi nilisikia. Nikaenda kwenye bomba la maji nikarudia maneno hayo, na nikaongeza: «Hata hapa kwetu tunaye mmoja.» Nilitaka nionekane mwenye kujua mambo.

Hakuna aliyempiga yule mama. Watu waliacha tu kununua. Siku ya kwanza beseni lake lilirudi nyumbani limejaa, siku ya pili pia. Siku ya tatu mtu alitupa jiwe juu ya mabati yake usiku. Mbele ya mwisho wa mwezi alifunga virago na watoto wake watatu. Baba yangu alimsindikiza mpaka kwenye gari, na aliporudi aliniuliza: «Silaha zile ulizosema, alikuwa anazikaanga pamoja na mandazi?» Sikuwa na jibu. Deni letu la mandazi mpaka leo halijalipwa.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa chuo kikuu katika somo la sheria, nilikuta kwamba tangu tarehe 7 Juni 1966 nchi yetu ilikuwa na sheria inayoadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila. Sheria ilikuwepo tangu mbele sijazaliwa. Lakini katika avenue yetu hakuna aliyeijua: wala mtangazaji, wala mpiga simu, wala mimi. Hii ndiyo sababu nilichagua kazi hii.

Duru ya pili ilifanyika tarehe 29 Oktoba. Kabila alipata asilimia 58,05, Bemba asilimia 41,95. Wagombea hao wawili hawakukaa hata siku moja mbele ya kamera moja ili wananchi wawasikie wakijibizana. Tulichagua kati ya watu wawili ambao hatukuwaona pamoja.

4. Tangu 2011: mikrofoni inakatwa, simu inawaka

Mwezi wa Novemba 2011, Étienne Tshisekedi alisema kwa simu katika televisheni RLTV ya Kinshasa kwamba yeye ni Raisi tayari, na akawataka wafuasi wake wavunje gereza kuwatoa wenzao. Serikali ikakata kituo hicho. Hapa kuna makosa mawili. Mgombea hawezi kujitangaza kabla ya kura, na kituo hakipashwi kurusha mwito wa kuvunja gereza. Lakini kukata kituo ni dawa ambayo mara nyingi humkata mgombea mmoja na kumwacha mwingine.

Baada ya kura ya tarehe 30 Desemba 2018, Serikali ilikata intaneti karibu majuma matatu, na redio ya Ufaransa RFI ikanyamazishwa. Walisema wanazuia matokeo ya uongo. Je, uongo ulizuiwa? Hapana. Habari ilipokufa, ilifufuka ile redio yetu ya barabarani, ile isiyokuwa na mtangazaji wala wa kumshitaki. Kila mtu alikuwa na mshindi wake.

Mwaka 2023 mambo yalihamia zaidi katika simu. Mtu mmoja anatengeneza sauti, anaituma kwa kikundi cha familia, na kabla ya jua kuzama imefika Kalemie, Bunia na Johannesburg. Na neno lile la 2006 lilirudi na nguo mpya: «mgombea wa wageni». Tuliona namna neno hilo linavyochoma, hasa huku kwetu ambako vita inagawanya watu wa mlima mmoja.

5. Namna inavyofanyika

Tukusanye sasa. Vyombo vya habari vinageuzaje uchaguzi kuwa mambo ya mtu?

Kwanza, kwa feza. Waandishi wengi hawapati mshahara wa kutosha. Mgombea akialika waandishi, anawapa kile wanachokiita wenyewe coupage. Kesho yake mkutano wake unasomwa kama habari, kumbe ni tangazo lililolipiwa. Wanamuziki nao wanatupa mabanga: jina linaimbwa, aliyelipa anasifiwa. Asiyekuwa na feza hana jina, na asiyekuwa na jina hana kura. Hapo wanawake wengi wanaangukia: mwaka 2006, katika viti 500 vya bunge la taifa, wanawake walipata 42 tu.

Pili, kwa mali ya kituo. Mwenye kituo akiwa mgombea, mwandishi anaogopa kumwuliza swali.

Tatu, kwa uvivu wetu wasikilizaji. Mpango wa kazi ni mrefu na unachosha. Tusi ni fupi na linachekesha. Redio inatupikia kile tunachokula.

6. Tufanye nini?

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari, na kwamba vyombo vya habari vya Serikali ni kazi ya wote, vinavyopaswa kufungulia mlango kwa usawa mikondo yote ya siasa. Tena kuna baraza, CSAC, lililowekwa na sheria ya Januari 2011 kusimamia mambo hayo. Kikundi cha raia kinaweza kuandika barua ya mashitaka. Andikeni tarehe, saa, jina la kipindi na maneno yaliyosemwa. Barua bila tarehe ni manung'uniko. Barua yenye tarehe ni ushahidi.

Ninyi waandishi, mpiga simu akisema «wanaficha silaha», muulizeni: nani, wapi, uliona lini? Akishindwa kujibu, mfungieni simu. Hamtapoteza msikilizaji, mtaokoa jirani.

Na sisi raia, tumpokee kila mgombea kwa maswali matatu. Cheo unachoomba kina kazi gani kwa sheria? Utafanya jambo gani moja katika mwaka wa kwanza, na feza itatoka wapi? Ukishindwa, utampongeza aliyeshinda na kuwatuliza watu wako? Mtu anayeomba ubunge akiwaahidi daraja, mkumbusheni kwamba kazi ya mbunge ni kutunga sheria na kuchunguza Serikali. Daraja analoahidi halimo mfukoni mwake.

Na ukipokea sauti katika simu inayosema ubaya wa kabila fulani, usiitume mbele. Iache ife mkononi mwako. Mimi sikuiacha ife, na mtu mmoja alihama.

Kwa mazungumzo ya kikundi chenu juma hili:
– Katika uchaguzi uliopita, tulisikia nini juu ya mgombea wetu: mambo ya ukoo wake ao mambo ya kazi yake?
– Kuna jirani aliyeogopa ao aliyehama kwa sababu ya maneno ya kampeni? Tunaweza kumwendea na kumwambia nini?
– Nani kati yetu atasikiliza redio na kuandika, wakati wa kampeni ijayo?

 Wenye kusikiliza katika kundi, msitawanyike kabla ya kusikilizana. Tukutane tena juma lijalo, Mungu akitujalia. Amani ikae katika nyumba zenu na katika nyumba za jirani zenu.